Nimempa mtaji mara mbili na bado anaomba

SWALI

Mshauri, shikamoo kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Naishi Kihonda na mume wangu, watoto wetu watatu wanaosoma, na binti wa miaka 22 ambaye ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Nimemlea tangu yuko darasa la tatu. Ananiita mama mkubwa, ila kwangu hana tofauti na hawa niliowazaa.

Alipomaliza kidato cha nne matokeo hayakumruhusu kuendelea. Akapata kazi ya kuuza duka la vipodozi mjini, mshahara 80,000 kwa mwezi, nauli na chakula juu yake. Mwishoni mwa mwaka jana akaacha, akaniambia anataka kupika vitafunwa. Januari nikampa 300,000. Alinunua karai, jiko la mkaa, mabeseni, chupa nne za chai, vikombe, meza na mwavuli, akaanza. Anauza karibu na kijiwe cha bodaboda, kwenye njia wanayopita watu wa viwandani. Saa tisa usiku yuko jikoni, saa kumi na mbili asubuhi yuko mezani, saa nne anakunja mwavuli. Maandazi na vitumbua 200, chapati 500, na chai. Jumapili tu ndiyo anapumzika.

Sisemi kwa sababu ni wangu: mkono anao. Chapati zake zinachambuka, na vitumbua havilali. Hata nyumbani tumesahau mikate ya dukani. Kila alfajiri kabla hajatoka anatuachia sahani mezani, chapati nne na maandazi manane, watoto wanakwenda shule wameshiba. Huwa namwombea baraka kwa moyo huo. Na mwezi ukifika katikati mshahara ukiwa umeisha, yeye ndiye hujaza gesi au kununua daftari la mdogo wake bila kunung'unika.

Tatizo ni mtaji. Juni alikuja akasema umekata. Ni kweli miezi ile ilikuwa na mambo. Kulikuwa na harusi ya binamu yake, kila mtoto wa ukoo mwenye shughuli akapangiwa mchango, yeye akatoa 100,000. Halafu mjomba wake alimkopa 80,000 na mpaka leo hajarudisha. Sisi ni Waluguru, ukoo tunaufuata kwa mama, unajua mjomba ni nani. Nikampa tena 250,000. Sasa ni mwisho wa Oktoba, amekuja mara ya tatu. Anataka 700,000 ili anunue kabati la vioo, jiko la gesi, na aanze supu ya asubuhi.

Nilipomuuliza hesabu alisema anauza kama 35,000 kwa siku, na mahitaji ya siku, yaani unga, mafuta, sukari, mkaa na vidogo vidogo, yanamla kama 22,000. Unga ananunua kwa kilo duka la jirani, shilingi 2,000. Bodaboda anawadai kama 18,000. Daftari hana, yote yako kichwani.

Kilichoniuma zaidi nimekijua wiki iliyopita kupitia kwa jirani. Tangu Agosti amekuwa akichukua mkopo wa kausha damu. Wanampa 200,000, analipa 8,000 kila siku kwa siku 30, wanamfuata palepale mezani. Akimaliza anachukua mwingine. Huu ni wa tatu, amebakiza siku 12. Kitambulisho chake cha NIDA wanacho wao. Hakuniambia chochote.

Mume wangu anasema huyu amezoea kupewa, arudi dukani akaajiriwe. Mimi nilikuwa nafikiria nikope 1,500,000 kwa mshahara wangu, nimlipie deni na kumpa mtaji wa kueleweka mara moja tuachane na haya ya vipande vipande. Mwalimu mwenzangu anasema nimwingize kwenye kikundi cha vijana wapate mkopo wa halmashauri. Mwingine ananishawishi nimlipie 50,000 akahudhurie semina ya ujasiriamali ya siku mbili. Nimechanganyikiwa. Nishike lipi?

Mama mkubwa, Kihonda

JIBU

Mwalimu, marahaba au salama, chagua mwenyewe. Umri wangu nauficha.

Nimeisoma barua yako na kila nikifika mwisho narudi kwenye ile sahani ya alfajiri. Umeitaja kama baraka, na ni baraka kweli. Lakini wewe ni mwalimu, tuchukue chaki. Chapati nne kwa 500 ni 2,000. Maandazi manane kwa 200 ni 1,600. Jumla 3,600 kila siku ya kazi. Tuseme siku 26 kwa mwezi: 93,600. Januari hadi Oktoba ni miezi 10: 936,000. Utaniambia hiyo ni bei ya mezani, na familia haiuziwi kwa bei ya mezani. Ni haki. Mahitaji ya 22,000 yanatoa mauzo ya 35,000 pamoja na sahani yenu ya 3,600, kwa hiyo kila shilingi 100 ya vitafunwa inamgharimu yeye kama shilingi 57. Kwa hesabu hiyo sahani imekula takriban 533,000.

Wewe umempa 550,000.

Sisemi mmemwibia. Anaishi kwako, halipi pango wala umeme, na umemlea miaka yote hiyo bila kumwandikia deni. Mtoto anayekula kwenu kuchangia chai ya asubuhi si kosa hata kidogo. Ninachosema ni kwamba mchango ule haukuhesabiwa na mtu yeyote, si wewe, si yeye, wala mumeo anayesema amezoea kupewa. Ongeza gesi, ongeza daftari, ongeza 100,000 za harusi na 80,000 za mjomba. Meza ya miguu minne pale kijiweni imegeuzwa mfuko wa ukoo, halafu ukoo unashangaa kwa nini mfuko hautuni.

Hapo ndipo ninapotofautiana na ile 1,500,000. Ukiiingiza kwenye biashara ya namna hii itakwenda njia zilezile, tena kwa kasi zaidi, maana watu wakisikia mtoto kapata mtaji mkubwa maombi nayo hukua. Na makato yatakuwa kwenye mshahara wako miaka kadhaa. Usiichukue.

Sasa tumjibu mumeo, anayetaka arudi dukani. Kama takwimu za binti ni za kweli, anabakiwa na 13,000 kwa siku, sawa na 338,000 kwa mwezi. Duka la vipodozi lilimlipa 80,000 na nauli yake mwenyewe. Hata tukisema alikutajia siku nzuri (watu wengi wakiulizwa mauzo hutaja siku nzuri, nami nina shaka kidogo na hiyo 35,000), hata kama kinachobaki ni nusu ya anachosema, bado meza inamlipa mara mbili ya duka. Kumrudisha dukani kwa kigezo cha fedha hakuna hoja. Mumeo akitaka kubishana na hilo, mpe daftari abishane nalo, na daftari ndilo la kuanza nalo kesho.

Namaanisha daftari la kawaida la shule, si programu ya simu wala fomu. Kurasa mbili kwa siku: upande mmoja kilichonunuliwa, upande mwingine kilichouzwa, pamoja na vilivyotoka bila kulipiwa, na sahani yenu iandikwe humo kwa jina lake. Wiki mbili tu kabla ya kuamua jambo jingine lolote kubwa. Usimsimamie kama mkaguzi. Anaamka saa tisa usiku. Ukimvizia alfajiri na maswali ya hesabu mtagombana. Kaa naye jioni mmoja kati yenu akichambua mchele.

Lakini deni lisisubiri wiki mbili. Mkopo wa 200,000 unaorudi 240,000 kwa siku 30 ni riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na kwa kuwa anapunguza deni kila siku, anatozwa riba ya 200,000 nzima wakati kiasi kinachobaki mikononi mwake kinapungua kila siku. Kwa watoa mikopo wadogo wenye leseni ya daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea akiba za watu, Benki Kuu iliweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 200,000 hiyo ni 7,000. Yeye anatoa 40,000, nusu ya mshahara wake wa zamani, na mizunguko mitatu ni 120,000. Ukiangalia siku moja moja ndiyo unaona vizuri: katika 13,000 zake, 8,000 zinaondoka na yule kijana wa kukusanya, anabaki na 5,000 ya kuishi na ya kununulia unga wa kesho ukipanda bei. Siku ya 30 ikifika mfuko mtupu, anasaini tena.

Amebakiza siku 12, yaani 96,000. Hizo mpe, ila usimkabidhi yeye. Nendeni wote wawili ofisini kwao, au kwa huyo wakala, mlipe kwa pamoja, mdai stakabadhi ya kumaliza deni na kitambulisho chake kirudi siku hiyohiyo. Ulizeni leseni, mwenye nayo huitundika ukutani. Kama hana na anakataa kutoa kitambulisho, serikali ya mtaa na polisi ni mahali pa kwenda, na mara nyingi kutajwa tu kwa safari hiyo hulainisha mazungumzo. Umwonye pia juu ya mikopo ya kwenye simu, maana anayetoka kwa mkopeshaji wa mezani huangukia huko. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni.

Na kuhusu kukuficha: alikwenda kwa kausha damu ili asije kwako mara ya tatu. Aliona aibu. Sidhani anahitaji hotuba, labda aambiwe tu kwamba unajua na kwamba mnakwenda kulipa.

Deni likishatoka, zile 13,000 zinabaki zake, na hapo ndipo zigawanywe kwa sheria nyepesi isiyohitaji elimu ya biashara. Ajilipe mshahara wa 4,000 kwa siku. Ni 104,000 kwa mwezi, zaidi ya dukani, na kila kitu chake binafsi kitoke humo: vocha, nywele, sadaka, zawadi. Akiba 5,000, iende kila siku mahali ambapo si rahisi kuitoa. Zinazobaki 4,000 zikae kwenye biashara kwa ajili ya siku ya mvua na siku mafuta yakipanda. Daftari likionyesha anabakiwa na pungufu ya 13,000, punguzeni vyote kwa uwiano, lakini msifute kimoja. Kwa akiba ya 5,000 anapata 130,000 kwa mwezi. Ile 700,000 anayokuomba angeifikia katikati ya Aprili bila kumwomba mtu.

Kwenye akiba, kama kuna kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, cha kina mama kinachoaminika mtaani kwenu, kina faida moja ambayo kibubu hakina: mtu akija kuomba, anajibiwa "fedha iko kikoba" na hawezi kubisha. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi hivyo navyo visajiliwe, kwa hiyo aulize cheti kabla ya kununua hisa. Visivyosajiliwa ndivyo vinavyovunjika Desemba kila mtu akimnyooshea kidole mweka hazina.

Ulichokigusa kwa mstari mmoja tu, na mimi nakiona kikubwa kuliko semina na mkopo, ni unga wa kilo duka la jirani.

Dandora, Nairobi, watafiti waliwafuatilia wanawake vijana wenye biashara ndogondogo za mtaani. Kundi moja lilipewa darasa la biashara. Kundi jingine kila mmoja aliunganishwa na mwanamke mfanyabiashara mzoefu wa eneo hilohilo, wakawa wanakutana na kuzungumza. Kundi la tatu liliachwa kama lilivyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: waliokaa darasani faida yao haikupanda, na waliokuwa na mama wa kuwaelekeza ilipanda kwa wastani wa asilimia 20. Walipochunguza sababu hawakukuta siri yoyote ya ajabu. Wazoefu waliwaonyesha wapi pa kununua kwa bei ya chini. Na mikutano ilipokoma, faida nayo ikapungua taratibu, jambo linaloniambia kwamba kujua bei za sokoni si somo la siku moja, ni habari inayobadilika kila wiki na lazima uwe na mtu wa kukupa.

Kwa hiyo ile 50,000 ya semina ibaki mfukoni. Siku akitaka kujifunza ufundi hasa, kuoka keki au kusindika na kufungasha, aulize SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Lipo tangu 1973 na lina ofisi mikoani, na huko watu hushika vitu kwa mikono. Anachohitaji mwezi huu ni kungwi wa biashara. Mtafutie mama lishe au mpika vitafunwa aliyedumu miaka mingi, ila awe wa sehemu nyingine ya mji, Msamvu au Mazimbu, asije akaona anamfundisha mshindani wake. Wewe mwalimu huwezi kukosa mzazi wa mwanafunzi mwenye sifa hiyo. Nenda mwenyewe kama unavyokwenda kuposa, na mkono usiwe mtupu. Kilo mbili za sukari na khanga si rushwa. Omba jambo dogo: binti afike kwake mara moja kwa wiki saa ya mchana kazi ikiisha, na siku moja waende wote kununua mahitaji karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu.

Tupige mfano. Mfuko wa unga wa kilo 25 ukimpunguzia hata 300 tu kwa kilo, na anatumia kilo saba kwa siku, hiyo ni 2,100 kwa siku na 54,600 kwa mwezi, kwa unga peke yake, kabla hatujagusa ndoo ya mafuta na gunia la mkaa. Hajauza andazi moja la ziada. Hapo ndipo fedha yako ya msaada ingefanya kazi. Kama una 150,000 ya kutoa, nendeni mkanunue naye mfuko wa unga na ndoo ya mafuta, aache kununua kwa kilo na kwa kipimo.

Nasema "nendeni mkanunue" kwa makusudi. Ghana lilifanyika jaribio la kuwapa wenye biashara ndogo mtaji, wengine taslimu, wengine vifaa au bidhaa walizochagua wenyewe. Kwa wanawake, taslimu haikuongeza faida. Vifaa viliongeza, ingawa ni kwa wale tu ambao biashara zao zilikuwa tayari zimesimama kidogo. Nadhani wewe na mimi hatuhitaji mtafiti kutueleza kwa nini. Noti inaombeka. Ndoo ya lita 20 ya mafuta haiombeki kwa urahisi, na karai lake shemeji hawezi kulikopa.

Katika vitu vitatu anavyotaka, ningeanza na kabati la vioo. Barabara ya viwandani ina vumbi, na mtu wa ofisini hupita meza ya wazi akatafuta iliyofunikwa. Mlipe fundi moja kwa moja. Gesi ifuate, baada ya daftari kuonyesha mkaa unakula kiasi gani. Hapo mtajua kama inalipa au ni tamaa ya jiko jipya. Supu isubiri. Supu ni nyama ya taslimu kila alfajiri, isipoisha ni hasara ya siku hiyohiyo, na wateja wake ni haohao bodaboda ambao tayari anawadai 18,000. Awakusanye kwanza. Aandike majina yao kwenye daftari mbele yao, apunguze mkopo hadi chai moja kwa mtu, na awape namba ya kulipia kwa simu, maana "sina chenji" ndiyo mlango wa madeni mengi ya pale.

Mkopo wa halmashauri mwenzako hajakosea, ila kauleta mapema. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na hautozwi riba. Ulisimamishwa mwaka 2023 baada ya ripoti za Mkaguzi Mkuu kuonyesha fedha nyingi hazirejeshwi na vikundi vingine havionekani vilipo, ukarudi 2024 na utaratibu mpya. Vijana wanakopeshwa kwa kikundi cha watu wasiopungua watano. Hapo kwenye watano ndipo pa kuangalia. Kuna watu wanaokusanya majina na namba za NIDA, kikundi kinasajiliwa, fedha zinatoka, na mwenye biashara ya kweli anabaki analipia wanne asiowajua. Kama ana wenzake wanne wa kweli wanaoamka saa tisa kama yeye, waanze kuweka akiba pamoja sasa, wamwone afisa maendeleo ya jamii wa kata, na waombe mwakani wakiwa na daftari mkononi. Akiwa hana hao wanne, aache.

Jambo dogo la kodi, kwa sababu watu wengi hulipotosha. Vile vitambulisho vya wajasiriamali vya 20,000 vilivyoanza Desemba 2018 vililenga wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Mauzo, Mwalimu, si faida. Anayeuza 13,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ameshavuka. Binti yako kwa 35,000 anakaribia milioni 11. Afike TRA aulize makadirio yake kabla hawajamfikia. Kwa mfanyabiashara wa kiwango chake, anayetunza kumbukumbu huhesabiwa tofauti na asiyetunza, na hiyo ni sababu nyingine ya lile daftari.

Sasa sahani. Sitaki watoto waende shule na njaa kwa sababu ya mshauri wa gazetini. Mna njia mbili, chagueni mkiwa mmekaa wote watatu, wewe, mumeo na binti. Ama mnunue kwa gharama yake, 2,000 kwa siku mkononi mwake, ambayo bado ni nafuu kuliko mikate. Ama mkubaliane kwamba sahani ndiyo pango lake na umeme wake, iandikwe hivyo, na basi gesi na madaftari vitoke kwenye mshahara wako hata ukifika katikati ya mwezi. Visiwe vyote viwili. Mumeo awepo, kwa sababu asipokuwepo mwezi ujao atamtuma vocha ya simu "utakata kwenye mauzo."

Mjomba ni kazi yako, si yake. Kwa mila zenu binti wa miaka 22 hawezi kumdai mjomba akabaki na adabu, lakini wewe ni dada wa huyo mjomba, unaweza kumwambia usoni kwamba zile 80,000 zilikuwa unga wa watu wa kijiweni. Akirudisha nusu mshukuru. Akikopa tena, aje kwako kwanza.

Na michango ya harusi, jina lake liandikwe pamoja na lako, kadi moja, mpaka kabati la vioo liwe limesimama pale mezani. Katibu wa kamati akinung'unika, mwelekeze kwangu.